Bisibisi Yenye Alama za Meno

Kabla hamjafungua kifuniko cha shimo lolote la valvu, laleni kwanza kwenye nyasi. Najua mtacheka. Ninyi mna simu inayowaonyesha valvu zote sita za uwanja huu, kijani ikiwa imefungwa na nyekundu ikiwa imefunguka, na mimi mstaafu nawaambia mlale kifudifudi na ovaroli zenu safi. Laleni hivyo hivyo. Iwe alfajiri, wakati ukungu wa kinamasi cha Bugolobi bado umekaa juu ya nyasi za pasipalamu na maghorofa ya wapangaji yanaonekana sehemu ya juu tu, kana kwamba yameamka na kuisahau miguu yao kitandani. Maji yakipita chini yenu mtayahisi tumboni. Mimi miaka ile nilikuwa nasinzia pale, naota nimelala mtoni, na mara nyingine ile ndoto ilinipa habari za kweli kuliko ripoti ya kazi.

Naitwa Akello. Wengi wenu mnanijua kama yule mama anayekuja kila Jumanne na mwavuli, anazunguka uwanja mara moja, anakaa kwenye benchi, kisha anaondoka. Nimeambiwa pia mnasema nina maringo, kwamba mnanisalimia na siitikii. Hilo nitalifikia. Meneja wenu mpya ameniomba niwaandikie ninayoyajua kuhusu valvu za nyasi, na alitaka ukurasa mmoja. Pole yake.

Binti yangu hunitania. Anasema, mama, mvua ya Kampala inavyonyesha, wewe ulikuwa unamwagilia nini miaka yote hiyo? Nami humwambia, njoo uione pasipalamu mwezi wa kwanza, juu ya udongo huu mwekundu wenye changarawe, jua likipiga wiki tatu mfululizo. Inakauka mpaka inalia chini ya kiatu. Halafu mvua inapoanza, kila mtu anasahau kwamba kulikuwa na watu chini ya ardhi wakifungua na kufunga milango.

Nasema milango kwa sababu valvu ni mlango. Lakini ni mlango wa ajabu, na nilipouelewa mara ya kwanza sikupata usingizi kwa furaha. Ndani kuna vyumba viwili, cha juu na cha chini, na katikati kuna ngozi ya mpira. Maji yanakuja chini, yanataka kutoka. Kwenye ile ngozi kuna tundu dogo kama la sindano, na maji kidogo yanapenya hapo kwenda chumba cha juu. Yakijaa huko juu yanaikandamiza ngozi, na njia inafungwa. Umeona? Maji yenyewe ndiyo yanayojifungia mlango. Taima, ile saa ya kuwashia maji, ikituma umeme, ile koili ya juu, yaani sumaku ya umeme, inanyanyua kijiti chake, maji ya chumba cha juu yanatoroka, ngozi inanyanyuka, na uwanja wote unaanza kunong'ona. Umeme ukikatwa, chumba cha juu kinajaa tena, polepole, na mlango unarudi.

Basi valvu ikikataa kufunga, msikimbilie kusema imekufa. Mara tisa kati ya kumi ni chembe ya mchanga imekaa kwenye lile tundu dogo, au chini ya ngozi pale inapolalia. Fungeni koki kubwa kwanza. Narudia kwa sababu kuna mtu kati yenu, simtaji, alifungua kofia ya valvu maji yakiwa yanasukuma, na chura aliyekuwa shimoni alirushwa mpaka kwenye kamba ya nguo ya mpangaji. Tundu lisafisheni kwa unywele wa brashi, si kwa msumari. Msumari unalipanua, na tundu likishapanuka valvu hiyo haitakuwa na adabu tena. Skurubu za kofia kazeni kwa kuvuka, moja huku na nyingine upande wa pili, kama za tairi la gari. Na gongeni kifuniko kabla ya kuingiza mkono, maana siafu hawasomi ratiba yenu.

Aliyenifundisha haya yote aliitwa Papa Riziki. Alikuwa Mkongo kutoka Bukavu, amekuja mjini hapa na mkewe na sanduku moja la vifaa, na walipewa chumba nyuma ya nyumba ya jenereta, pale mnapoweka sasa mashine za kukatia nyasi. Mimi nilikuwa kibarua wa kufagia. Baba yangu alikuwa askari, mtu wa Gulu, nami nilikulia kambini, ndiyo maana Kiswahili changu mpaka leo kinavaa buti. Papa Riziki alinichagua kwa sababu ya hicho Kiswahili. Wafagiaji wengine walizungumza Luganda tu na yeye Luganda ilimpita. Kiswahili chake kilikuwa laini, cha ziwani kwao, maji akiyaita mayi na ndiyo akiiita njo.

Alikuwa na bisibisi ndefu ya mpini wa mti. Kila asubuhi alipiga magoti kwenye kila shimo, akaweka ncha ya bisibisi juu ya valvu, na mpini akauuma kwa meno. Kisha alifumba macho. Wafagiaji walikufa kwa kicheko. Walisema Mkongo anaonja maji kama yamekolea chumvi. Mimi pia nilicheka, kwa nini niwafiche. Nilidhani ni mazoea tu, kama wengine wanavyotafuna kijiti.

Siku moja alinipa niume. Akaifuta kwanza kwa kitambaa chake, akanielekeza. Mpini ulipokaa kati ya meno, kichwa changu chote kiligeuka chumba. Nilisikia maji. Sikuyasikia masikioni, niliyasikia ndani ya mfupa, yakija kutoka mbali, yakigonga, yakipumua. Nilifumba macho bila kuambiwa. Sijui nilikaa hapo muda gani. Nilipofumbua, umande ulikuwa umepanda mpaka mapajani na Papa Riziki alikuwa ananitazama kwa upole.

"Umeisikia?" akauliza.

"Nimesikia, Papa. Iko kama mtu amelala."

"Njo vile. Valvu muzuri inalala. Yenye inaota, iyo tunafungua."

Sheria yake nyingine ilikuwa kitambaa. Ukifungua valvu unatandaza kitambaa, unapanga kila kipande kwa mstari kadiri kinavyotoka, na unakiita jina kwa sauti. Koili. Skurubu. Kofia. Springi. Ngozi. Unaporudisha unaviita tena kutoka nyuma. Nilimwambia hii ni rokoo ya kambini, askari wakihesabiwa asubuhi. Akasema askari akikosekana mnajua, basi na hapa iwe hivyo.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Ilikuwa Jumapili, Papa Riziki ameenda kanisani, na valvu namba nne ilikuwa inachelewa kufunga. Nilikuwa nimejifunza miezi minane. Niliona sasa mimi ni fundi. Nikafunga koki, nikafungua kofia peke yangu, nikakuta mchanga, nikausafisha vizuri kabisa. Kitambaa sikuwa nacho, na sikuona haja ya kuita majina, nani angenisikia? Ile springi ndogo niliitia mfukoni isije ikapotelea kwenye nyasi. Nilikuwa nimevaa koti la mitumba nililonunua sokoni Owino, zito, la mfanyakazi wa nchi fulani ya baridi, jina lake bado limeshonwa kifuani. Nikarudisha kofia, nikakaza kwa kuvuka kama nilivyofundishwa, nikawasha. Valvu ikafunguka, ikafunga, safi. Nikaenda nyumbani naimba.

Springi niliisahau. Na sababu ya kuisahau ni kwamba valvu haikulalamika. Hapa mnisikilize vizuri. Springi inakaa juu ya ngozi na kazi yake ni kuisindikiza chini. Maji yakiwa na nguvu, ngozi inarudi yenyewe na hutajua kuna kilichopungua. Springi ni ya siku ambazo maji ni dhaifu. Na kila kiangazi, hapa kwetu mlimani, maji yanakuwa dhaifu.

Kiangazi kilipofika, namba nne ikaanza kuacha mlango wazi kidogo. Si kwa kishindo. Ililia tu, kutwa kucha, na kona ya chini ikalewa maji. Pasipalamu ikageuka njano, kisha tope, na asubuhi moja meneja wetu wa wakati huo, Bwana Ssali, akapita hapo akielekea kwenye gari lake na kiatu kikabaki nyuma. Alikuwa mtu nadhifu, tai kila siku. Alisimama kwa mguu mmoja, akamwona Papa Riziki mbele yake aking'oa magugu, amempa mgongo.

"Mzee," akaita.

Papa Riziki akaendelea na magugu. Bwana Ssali akaita kwa sauti zaidi. Akapiga makofi. Sisi wote tulikuwa tumeacha kufagia. Papa Riziki alihama hatua mbili, akainama tena, taratibu, mtu aliye peke yake duniani.

Hapo ndipo sote tulipojua. Mimi niliyekuwa naye kila siku sikuwa nimejua, kwa sababu mimi nilizoea kumwendea kwa mbele, tukitazamana uso kwa uso juu ya shimo. Masikio yake yalikuwa yameharibiwa na ugonjwa tangu Bukavu, na alikuwa anasoma midomo.

"Kumbe hii ndiyo sababu," Bwana Ssali akatuambia kwa Kiswahili chake cha kuokota, ambamo analia huwa nalia na anakuja huwa nakuja, kiatu mkononi. "Maji nalia hapa wiki mbili, na mtu ya maji hapana sikia. Ijumaa kampuni ingine nakuja. Mzee natoa funguo."

Funguo zilikuwa za koki, za mashimo, na za kile chumba nyuma ya jenereta.

Nilimwandikia Papa Riziki maneno yale kwenye karatasi. Akayasoma mara mbili, akaikunja, akaenda moja kwa moja shimo namba nne na bisibisi yake. Akauma. Alikaa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akafumbua macho na kunitazama mimi, si valvu.

"Inataka kufunga," akasema, "lakini hakuna kitu ya kuisukuma."

"Tufungue sasa, Papa?"

"Hapana. Ijumaa."

Nilidhani uzee umemchanganya. Mtu anatolewa nyumbani, naye anangoja siku ile ile ya kutolewa.

Alhamisi, nikiwa nimelala kwenye nyasi kama ninavyowaambia mlale, kitu kilinichoma ubavuni. Nikageuka, kikachoma tena. Nikapapasa koti. Mfuko ulikuwa umetoboka, na chini kabisa, ndani ya bitana, kulikuwa na kitu kidogo kilichojikunja. Sikuhitaji kukitoa kukijua. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako sidhani walikuwa wanafikiria springi, lakini mimi siku hiyo niliuelewa msemo huo kwa ubavu wangu.

Niseme ukweli wa nilichofikiri. Nilifikiri kuitupa kinamasini. Nilikuwa kibarua, nina mtoto mchanga, sina mume, na nimefungua valvu bila ruhusa siku ya mapumziko. Papa Riziki angeondoka kwa sababu ya masikio yake, na masikio si kosa langu. Hivyo nilijiambia. Siku ile nzima nilitembea kwenye uwanja kama aliye usingizini, nikisikia vinyunyizio vya kona ya chini vikilia, na kila tone lilikuwa linaniita jina. Niliona aibu, na niliogopa, na kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi mwenye masikio mazima ndiye niliyepita pale wiki mbili nikisikia kilio kile na sikujiuliza chochote.

Ijumaa asubuhi Bwana Ssali alisimama kando ya shimo namba nne, Papa Riziki mbele yake, funguo mkononi. Wale wa kampuni nyingine walikuwa hawajafika. Mimi nikatoka kwenye mstari wa wafagiaji na kabla sijajua nafanya nini nilikuwa nimesimama wima, visigino pamoja, kama watoto wa kambini tulivyofundishwa.

"Afande," nikasema, "hiyo kosa ni yangu. Nilifungua hii valvu siku ya Jumapili, mzee hayuko. Springi ilibaki kwa koti yangu. Hii hapa."

Hakuwa afande wa mtu yeyote, masikini. Aliitazama ile springi kwenye kiganja changu.

"Wewe mwenye masikio," akasema.

"Ndiyo, afande."

Akaigeuza springi kwa kidole. Kisha akatikisa kichwa. "Kale, sawa. Lakini bado. Mtu hapana sikia, atajua je maji nakimbia chini?"

Papa Riziki alikuwa ameiona midomo yake. Alitoa kitambaa, akaufuta mpini wa bisibisi pande zote, na akampa Bwana Ssali kwa mikono miwili. Akaonyesha shimo. Akaonyesha meno yake mwenyewe, mawili ya mbele yakiwa yamelika kidogo.

Nilidhani Bwana Ssali atakasirika. Alitutazama sote, akaitupa tai yake begani, akapiga magoti kwenye umande na suruali yake iliyopigwa pasi. Akauma mpini. Kwanza alikunja uso. Halafu uso ukaachia, na macho yake, sijui kama alijua, yakafumba. Hakuna aliyecheka. Ukungu ulikuwa unapita kati yetu na maghorofa, na nilimwona mtu yule mzima mwenye madaraka akisikiliza maji chini ya ardhi kwa mara ya kwanza.

Aliposimama magoti yalikuwa na duara mbili za kijani.

"Nasema," akamwambia Papa Riziki, akihakikisha amesimama mbele yake. "Kweli, hii maji nasema." Akamrudishia bisibisi. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe nabaki na yeye. Watu nikiita huyu mzee, wewe nakwenda mbele yake, namwambia. Hii ndiyo adhabu." Akaenda kwenye simu kuwaambia wale wengine wasije.

Tulipobaki wawili, Papa Riziki alitandaza kitambaa kando ya shimo tufungue. Na kabla sijaiweka springi yangu, niliona hapo kitambaani, kwenye kona iliyofungwa fundo, springi nyingine. Mpya kabisa.

"Hii imetoka wapi, Papa?"

"Owino. Niliinunua siku ya kwanza niliuma hii valvu ikilia, ni wiki mbili. Nilijua inakosa nini." Alikuwa anafungua skurubu, hana haraka. "Nilikuwa nangoya ulete yako."

Nikamwuliza, nikiwa mbele yake, nikitamka polepole ili anisome midomo: na kama nisingeileta? Chumba je? Mama Riziki je?

"Vyumba nimeviacha mingi, Akello," akasema. "Mwanafunzi njo sikukuwa naye." Akanielekezea kitambaa kwa kidevu. "Ita majina."

Nikayaita. Koili. Skurubu. Kofia. Nilipofika springi sauti ilikatika, naye hakuisikia, lakini aliiona.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingine kumi na moja. Mimi nilikuwa mlango wake na yeye alikuwa mwalimu wangu, na sikuwahi kuiona hiyo kama adhabu. Alipoondoka kumfuata mwanawe aliniachia bisibisi. Mpini wake una mashimo mawili madogo ya meno yake ya mbele. Mwanzoni niliuma pembeni, kwa heshima. Baadaye niligundua meno yangu yanaingia hapo hapo.

Nimewaambia nitalifikia lile la salamu.

Sharifa, wewe unayesimamia zamu ya asubuhi. Jumanne iliyopita uliniita nikiwa kwenye benchi. Nadhani uliniita mara kadhaa, kwa sababu ulipozunguka na kuchuchumaa mbele yangu ulikuwa unahema. Ulisema, "Mama Akello, mimi nakuita." Nami nilicheka, nikakuambia nilikuwa mbali kwa mawazo. Ulikubali, ukaniletea chai.

Sikuwa mbali kwa mawazo, Sharifa. Sikusikia. Huu ni mwaka wa pili. Daktari ananiambia sauti haipati njia ya kuingia, na mimi nimekuwa nikitabasamu, nikiitikia kwa kichwa, nikichagua benchi linaloelekea njia ili nione watu wakija. Binti yangu hajui. Nimewafundisha watu ishirini kutoficha kipande chochote mfukoni, na hiki nimekitembeza kwenye bitana ya koti kila Jumanne, kinanichoma.

Basi nakitoa. Kiko hapa kwenye kitambaa, mkione.

Bisibisi nimeiacha kwa askari wa getini, imefungwa kwa gazeti. Jumanne ijayo namba nne itafunguliwa saa moja kasorobo. Itoeni bisibisi gazetini, ufuteni mpini pande zote. Mtauma ninyi kwanza, mmoja mmoja, na simu zenu ziwe mfukoni. Halafu mnipe mimi, kwa maana huko chini bado nasikia kila kitu.

Na mkiniona nimekaa, njooni kwa mbele.